Jumapili tuliyomtembeza Ba'mdogo

Mwaka 2010 Ba'mdogo alikuja Dar kwenye harusi, harusi ikaisha Jumamosi, basi lake la kurudi ni Jumatatu, sasa hapo katikati kuna Jumapili nzima na mzee hajui kukaa. Beach hataki, anasema maji ya chumvi yana nini. Mpira kwenye tivii hataki. Mdogo wangu ambaye ana Noah na anajiona kiongozi wa ukoo kwa sababu hiyo tu ndo akasema twendeni tukaone wachoraji Oysterbay, tupitie Mwenge kwa wachonga vinyago, jioni tukamalizie kwenye bonanza la bendi ya Msondo Chang'ombe. Mama aliposikia Msondo akaenda kubadili nguo hapo hapo, wala hakuuliza habari ya picha.

Tukajazana kwenye gari, mama, shangazi, Ba'mdogo kakaa mbele, mimi na binti yangu nyuma kabisa ambaye alikuwa na miaka kumi na tatu na earphone masikioni tangu tunatoka geti, yaani yupo ila hayupo.

Pale kwa wachoraji wa Tingatinga karibu na Morogoro Stores nilikuwa nimeshapita mara nyingi njiani bila kuingia. Nilidhani ni duka la wazungu basi, picha za tembo na twiga. Kumbe ndani watu wamekaa chini kwenye vibao wanachora, mmoja anajaza rangi ya nyuma, mwingine anapiga madoa ya chui doa moja moja kama hana haraka ya kwenda popote duniani. Sisi tukaanza kutembea ile ya kwenye maonyesho, mikono nyuma, "mmh, nzuri", unahamia nyingine. Ba'mdogo hakuhama. Alisimama mlangoni akavuta pumzi akasema, "Hii si rangi ya mafuta hii?"

Ba'mdogo ni fundi baiskeli. Maisha yake yote kapaka baiskeli za watu. Akaenda moja kwa moja kwa yule kijana mwenye chui akamwuliza anazimua na nini, kijana akamwambia, wakaanza hapo, mara tina ikizidi rangi inachuruzika, mara ukipaka ya pili kabla ya kwanza haijashika inakunjana, mara msimu wa mvua inakaa muda mrefu haikauki, sisi wengine tumesimama tu hatuna la kuchangia. Kijana ndo akamwelezea kuwa mwanzilishi mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza 1968 alitumia hizi hizi, rangi za kupakia baiskeli, na hakuwa na kitambaa cha kuchorea, alichorea vipande vya silingibodi. Ba'mdogo akanigeukia uso wote umewaka. "Unasikia? Za baiskeli!" Nikamwambia nasikia Ba'mdogo.

Alafu akataka kujua huyo bwana yuko wapi amsalimie. Kijana akasema alifariki 1972, polisi walipiga risasi gari alilokuwemo wakidhani ni la wahalifu waliokuwa wanawatafuta. Miaka minne tu ya kuchora. Mama akasema maskini, akauliza kama aliacha watoto. Huwa namwangalia mama katika mambo kama hayo, sisi wote tunawaza sanaa yeye anawaza nani alilea watoto.

Sasa sijui nani alianza, nafikiri ni kijana ndo alimwambia mzee jaribu. Akampa brashi nyembamba, nyembamba kweli, na kulikuwa na mkia wa chui haujapigwa mstari wa pembeni. Mimi roho mkononi, nawaza mzee ataharibu kazi ya mtu tulipe. Ba'mdogo akakaa kwenye kibao, akaegemeza mkono wa kulia juu ya wa kushoto, akashusha mstari mmoja toka kiunoni mpaka ncha ya mkia bila kuinua. Mstari haukutetemeka hata kidogo. Wachoraji wengine wakaacha kazi kuangalia. Akasema madigadi za baiskeli za Phoenix ndo zilimfundisha, mteja alikuwa anataka mstari wa dhahabu pembeni na ukikosea hulipwi.

Hapo binti yangu alitoa earphone. Moja tu, ila alitoa.

Picha ile tukainunua, ingekuwaje, na haijakauka vizuri, kwa hiyo ilisafiri imelazwa mapajani kwa mdogo wangu hadi alipokumbuka yeye ndo dereva.

Mwenge tulipita haraka, jua lilikuwa kali na shangazi miguu inamuuma. Ninachokumbuka ni fundi mmoja alichukua kipande cha mpingo akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kikazama kama jiwe, akasema ukiuziwa cha kupakwa dawa ya viatu mjaribie hivyo. Shangazi akakaa mbele ya kinyago cha ujamaa anahesabu watu waliobebana, kila akifika juu anagundua mwingine kajificha kwapani kwa mwenzie, anaanza upya.

Jioni Chang'ombe. Jamani kuna tofauti ya kusikia bezi kwenye simu na kuisikia kifuani. Binti yangu aliyezoea nyimbo za memori kadi akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, mbona kila gitaa linapiga kitu chake?" Nikamwambia sikiliza moja moja, fuata solo peke yake, kisha rithimu, kisha bezi, alafu ziache zote. Akawa anafanya hivyo macho kafumba. Mwanzo wimbo unakwenda polepole, wanaimba habari za ndoa na mawaidha, watu wanainuka kwenda kutunza, wanabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji, ghafla tarumbeta na saksafoni zinaingia, na likifika chemko, pale wimbo unapokwenda kasi, hakuna aliyekaa. Mama alikuwa ameshasimama zamani. Mama alianza kucheza na bendi hii ikiitwa NUTA Jazz, tangu 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, chama cha wafanyakazi kikibadili jina na bendi inabadili, yeye habadiliki.

Shangazi ni Sikinde, yaani mshabiki wa Mlimani Park, bendi pinzani ya Msondo. Alikaa kimya mpaka tuko garini tunarudi, mama anasifia kuwa Msondo ndo wamemleta mwimbaji Gurumo duniani. "Wifi, huyo Gurumo si kaimba Mlimani Park tangu ilipoanza 1978?" Mama akasema alikwenda kutembea akarudi nyumbani. Shangazi akasema mtu hatembei miaka. Ba'mdogo akaomba wasipige kelele, picha inakauka, mama akamwambia shemeji wewe nyamaza, umechora mkia tu. Wakabishana hadi Ubungo.

Ndipo shangazi akasema Jumapili ijayo ni Sikinde na kiingilio analipa yeye, wote. Mama akajibu atakwenda, ila atakaa kitini, hachezi ngoma ya watu.

Alicheza.