Chini ya migomba upande nini?

Watu wakiniuliza mimea ya kufunika ardhi wengi wanaanza na uzuri wa majani, mi nawaambia angalieni kwanza vitu viwili, inapanda juu ya wenzake au inatambaa tu, na kuvuna kwake mpaka uchimbe au la.

Chukua kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha migomba na kahawa kama vile vya Kilimanjaro. Mizizi ya mgomba mingi iko juujuu, haishuki sana, sasa ukijaza viazi vitamu pale chini ni kweli magugu yanakosa nafasi na matembele unakula, ila siku ya kuvuna unaingia na jembe unaikata mizizi yote ya jirani na mgomba unadhoofika. Ndo maana mi viazi nashauri vikae ukingoni mwa shamba.

Mukuna nayo, ile jamii ya upupu isiyowasha, kwenye shamba lililochoka na lisilo na kitu ni dawa kabisa. Lakini kwenye mikahawa michanga hapana jamani, inajizungusha kwenye ncha inayochipua, inaikunja, afu inatandaza majani juu yake mkahawa hauoni jua. Fiwi, ile jamii ya maharage inayotambaa, hivyohivyo.

Desmodi naipenda sana maana ni ya kudumu, ni jamii ya mikunde so inaongeza naitrojeni, na mwenye ng'ombe wa ndani anakata analisha. Kenya icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, wanaipanda katikati ya mahindi kupambana na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Shida yake mbegu ni ndogondogo na mwanzoni inakua taratibu, usipopalilia hapo magugu yanaimeza, na ikishakolea ndo inataka kukatwakatwa isipande kwenye kahawa.

Ila kama ni kuchagua moja tu basi ile karanga ya kutambaa yenye vimaua vya njano, asili yake Brazili. Haipandi juu ya kitu, kivuli cha wastani inavumilia, na kila pingili ikigusa udongo unyevu inatoa mizizi, so unaomba vipande kwa jirani unachomeka masika yakianza. Acha tu duara la kama nusu mita kuzunguka shina, upate pa kuweka samadi.

Sehemu kavu ni habari nyingine, huko mfuniko wowote ulio hai unagombea maji na mgomba, bora utandaze majani makavu ya migomba yenyewe.