Madam, huyu mtu hanijui

Jumamosi iliyopita injinia wa miaka 54 aliweka kidole juu ya kitufe cha kutuma, asikibonyeze. Dakika kumi na mbili. Mimi nilisimama nyuma yake nikijifanya napanga vikombe vya chai. Ujumbe ulikuwa tayari, mistari mitatu, tumeuandika pamoja. Mwishowe akageuka: "Lakini madam, huyu mtu hanijui."

Maneno hayo nayasikia kila mwezi. Nafundisha wataalamu kutumia LinkedIn, mtandao wa kujuana kikazi, hapa Kisumu, kwenye chumba cha kukodi Milimani, watu kumi au kumi na wawili kwa darasa: wahasibu, wauguzi, maafisa wa kilimo, mawakili wachanga, na mara mojamoja mzee kama huyu aliyesukumwa na binti yake. Vitufe vyenyewe wanavimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kinachotuchosha ni aibu.

Injinia alipofika, chini ya jina lake kwenye wasifu palikuwa pameandikwa kwamba yeye ni mtaalamu mchapakazi mwenye uzoefu, anatafuta fursa. Mstari huo una nafasi ya herufi 220, na ndio mtu anaouona kabla hajaamua kukufungua au kukupita. Nikamuuliza, Jumatatu asubuhi huwa unafanya nini hasa? Hapo ndipo mzee alipofunguka. Akanieleza kisima kimoja upande wa Siaya ambacho kamati ya maji ilishachangisha pesa za kununua pampu mpya. Alivuta mabomba juu, kipande kwa kipande, akakuta pampu ni nzima. Mchanga ndio uliokuwa umeziba. Kamati ikarudishiwa pesa zake. Alikuwa anasimulia kwa mikono, kama bado ameshika bomba.

Tukaandika: "Nafunga na kukarabati pampu za maji za sola, Siaya na Homa Bay." Akasoma, akakunja uso. "Si watasema najigamba?"

"Kuna uongo hapo?"

"Hakuna."

"Mzee, ukipewa nafasi ya kusema matangani si unaanza na wewe ni nani, wa kwa nani, unafanya kazi gani na wapi? Kuna mtu huwa anakuambia unajigamba?"

Akacheka. Mstari ukabaki.

Ila kumwandikia mtu asiyemjua ni mlima mwingine. Sisi tumelelewa na neno kujuana, na kwetu kujuana maana yake ni mjomba aliye ofisini, au yule mliyesoma naye bweni moja. Mtu wa mbali unamwendea ukiwa na mtu wa kukupeleka. Ndiyo maana darasani naanza na simu zetu wenyewe. Naomba kila mtu ahesabu magrupu ya WhatsApp ya kazi aliyomo. Kisha tunatafuta tangazo la kazi la wiki hiyo. Juzi tangazo lilelile lilikuwa kwenye magrupu sita ya muuguzi mmoja, na watu waliolituma walikuwa karibu walewale. Rafiki zako wa karibu wanajua unachokijua. Wanakula mnakokula.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika jambo hili baada ya kuwahoji watu waliopata kazi kupitia mtu fulani. Aliwauliza kama aliyewaambia ni rafiki, wakawa wanamsahihisha: la, ni mtu ninayefahamiana naye tu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara hawakufika hata asilimia 17. Halafu mwaka 2022 jarida la Science likachapa utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 katika muda wa miaka mitano. Jibu lilienda upande uleule, ila kwa kipimo: waliosaidia zaidi ni wale wa katikati, si ndugu wala mgeni kabisa.

Wa katikati hao, sisi tunao tele, ila tunawatupa kwenye droo. Mei 2022 Kisumu ilipoandaa Africities, mkutano wa miji ya Afrika, nilirudi nyumbani na kadi za biashara kama sabini hivi. Unajua niliwaandikia wangapi? Wawili. Zilizobaki nilikuja kuzikuta zimeshikana kwa unyevu.

Na nilipoamua kujirekebisha, niliharibu zaidi. Nilitunga ujumbe mmoja mtamu, nikaunakili kwa watu arobaini usiku mmoja, bila kubadilisha salamu. Wote arobaini wakaitwa "Daktari". Jibu nililopata ni moja tu: "Asante, lakini mimi ni fundi wa lifti." Tangu siku hiyo hakuna anayenakili chochote darasani kwangu. Andika ulichokiona kwa mtu huyo, sema wewe ni nani, uliza kitu kimoja anachoweza kujibu akiwa amesimama stejini akingoja matatu. Usiombe kazi. Akaunti ya bure siku hizi inakupa nafasi chache tu za kuweka maneno kwenye mwaliko wa kuungana na mtu kwa mwezi, kwa hiyo hata uvivu unakugharimu.

(Wapo walimu wanaohimiza watu kuchapisha kila siku, hadithi za mlinzi aliyewafunza unyenyekevu langoni. Mimi sifundishi hivyo. Na anayekuahidi kazi ya Ghuba kisha akataka ada ya usajili kwa M-Pesa ni mwizi, hata picha yake iwe na tai.)

Basi injinia alibonyeza. Alikuwa anamwandikia msimamizi wa miradi ya maji huko Turkana, akimuuliza wanakabilije mchanga kwenye pampu zao. Stima ikapotea dakika ileile, akadhani ni yeye.

Jumanne, saa moja usiku, simu yangu ikalia. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejificha. "Madam, amejibu. Anauliza visima vyangu vina kina gani, na mchanga wenyewe ni mwembamba au wa kokoto. Sasa nimwambie nini?"

"Injinia, si ni mchanga? Mwambie mchanga."

Akakata simu. Nasikia ujumbe aliotuma ulikuwa na kurasa mbili.