Masazo ya Ruthu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Siku saba hizi nimelala na daftari kifuani mara nne. Wengi mnajua kwamba mwaka huu nimejiandikisha kurudia hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba. Nyumbani ni Chanika, kazi iko Kariakoo. Saa 11 alfajiri niko kituoni, na jioni foleni ikifunga Gongo la Mboto, saa 3 usiku ndiyo kwanza navua viatu. Jumatatu iliyopita nilifungua ukurasa wa logarithimu, nikasoma swali moja mara tano, kilichofuata nikashtuka alamu inalia na wino umevujia shuka. Nikamlalamikia Mungu: Baba, huo muda wenyewe uko wapi?

Waefeso 5:16 tunaijua wote, "mkiukomboa wakati". Nimeisikia ikihubiriwa tangu utoto, na nasema kweli, safari hii haikuninyanyua. Aliyenishika mkono ni Ruthu, sura ya 2.

Ruthu alikuwa mjane mgeni, shamba hakuwa nalo. Alitembea nyuma ya wavunaji akiokota masuke yaliyowaponyoka, suke moja, anainuka, anainama tena. Jioni akayapura yote aliyookota, yakapata kama efa moja ya shayiri. Efa ni kama lita 20 na ushee. Wapendwa, ile ni ndoo kubwa tunayochotea maji, imejaa hadi mdomoni, na yote ni masazo! Wewe unayesema huna muda, sikatai, shamba huna. Masazo unayo. Unayo ile robo saa daladala inaposubiri kujaza. Unayo ile nusu saa umeme umekatika, cherehani imesimama na fundi hana la kufanya. Usingoje watoto wakue, usingoje likizo, inama uokote! Na aliyechoka kabisa nampa pole, asijihukumu, maana hata Ruthu alipumzika kidogo, akala akashiba, ndipo akarudi kondeni.

Mimi Alhamisi niliacha kupambana na usiku. Naandika swali moja kwenye kikaratasi, nakikunja, nakiweka nyuma ya kava la simu. Kwenye daladala mara nyingi nasimama, mkono mmoja umeshika bomba, kwa hiyo nalifanya kichwani. Moja kwenda, moja kurudi. Jumamosi asubuhi nafika kazini nina matano.

Nilidhani somo langu limeishia hapo. Lakini mstari wa 16 Boazi, mwenye shamba lile, anawaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye matita makusudi, wamwachie ayaokote, "wala msimkemee". Na ile sheria ya Walawi 19:9 hakupewa mwokotaji. Alipewa mwenye shamba: asivune mpaka pembeni.

Kariakoo mimi ni mwokotaji. Nyumbani kwangu mimi ndiye mwenye shamba. Binti anayenisaidia kazi anaamka kabla yangu na kulala baada yangu. Mwezi uliopita nilimkuta jikoni kachuchumaa, anaandika kwenye mfuko wa unga uliopasuliwa: SUKARI, KIBERITI, herufi kubwa kubwa, anajifunza mwenyewe, na maharage yanaungua. Nilifoka. Nikamwambia hakuja kwangu kusoma. Mimi, ninayemlilia Mungu muda wa kusoma!

Tuambiane ukweli, watu wa Mungu. Wengi wetu tumeshika saa za watu wengine mikononi. Mwenye duka anayemkalisha kijana hadi saa 4 usiku bila mteja hata mmoja, kwa nini? Baba ambaye mkewe akishika kitabu ndipo anapokumbuka chai, kwa nini? Na sisi akina mama tunaowahi maombi ya jioni huku tumeacha beseni la nguo kwa mtoto wa mwenzetu, tunamwomba nani atuongezee muda? Tunavuna mpaka pembeni, hatuachi hata suke, kisha tunasimama kanisani kutoa ushuhuda wa neema. Nimefanya hivyo. Natubu mbele yenu.

Jumamosi jioni nilimwomba yule binti msamaha. Alinyamaza, akaangalia chini, akasema, "Haina shida, mama." Ilikuwa na shida. Tumekubaliana saa 8 hadi saa 10 mchana ni zake, wala watoto wasimtume. Nimemnunulia daftari na penseli mbili. Jana nimerudi nikakuta ukurasa wa kwanza ameandika jina lake, chini yake jina la mama yake, herufi N imegeukia upande mwingine. Nikamwonyesha. Akafuta, akaandika tena, akanikabidhi penseli akauliza yale maswali yangu ya kwenye kikaratasi yanasemaje.

Mtuombee, wapendwa, sote wawili.