Kaunti Inaposhindwa Kulipa, Sheria Inamtazama Nani?

Kampuni ikishindwa kulipa madeni yake nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inajua la kufanya: anateuliwa msimamizi, wadai wanaorodheshwa, na kila mmoja anafahamu yuko wapi kwenye foleni. Serikali ya kaunti haina mlango huo. Haiwezi kutangazwa kuwa imefilisika, na kwa miaka mingi sheria imemzuia dalali wa mahakama kukamata magari au akaunti zake, ingawa kinga hiyo imepingwa sana kortini.

Si kwamba waandishi wa Katiba ya 2010 hawakuliona tatizo hili. Kifungu cha 212 kinaizuia kaunti kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge lake. Kifungu cha 225 kinatoa nafasi kwa Waziri wa Fedha kusimamisha mgao wa kaunti inayokiuka vibaya kanuni za fedha, lakini si zaidi ya nusu ya fedha zake, wala si zaidi ya siku 60 kwa mara moja, na uamuzi huo hubatilika usipoidhinishwa na Bunge la Kitaifa na Seneti ndani ya siku 30. Kipo pia kifungu cha 192, cha kuisimamisha kaunti nzima. Tume iliyoichunguza Makueni ilipendekeza hatua hiyo, lakini Rais Uhuru Kenyatta akaikataa mwaka 2015.

Vifungu hivi vyote vinamtazama gavana; anayedai hatajwi. Ngome ya kifungu cha 212 ilijengwa dhidi ya benki, ilhali kaunti zimekopa kwa wazabuni bila kumwomba yeyote ruhusa. Mzabuni hupewa LPO (hati ya kuagiza bidhaa), hupeleka dawa hospitalini, mtunza stoo husaini kwamba amepokea, kisha ankara hukaa. Mwezi Juni ukiisha, na mwaka wa fedha nao ukiisha, huambiwa IFMIS (mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali) imefungwa. Uchaguzi ukipita, gavana mpya huunda kamati ya kuhakiki madeni (desturi iliyozoeleka mno) na mzabuni huanza upya kuthibitisha kwamba dawa zilifika. Hazina ya Kitaifa ilipochukua hatua ya kuzizuilia fedha kaunti kadhaa mwanzoni mwa 2020 kwa sababu ya madeni hayo, ilikuwa inapunguza fungu lilelile ambalo wadai wangelipwa kutoka humo.

Marekani iliichagua njia nyingine tangu miaka ya 1930, ya kuyaruhusu majiji kuomba ufilisi mahakamani, na Detroit ndio mfano wake mkubwa. Jiji hilo lilifika mahakamani Julai 2013 likiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18, na hadi Desemba 2014 lilikuwa limetoka. Mahakama haikuwa na mamlaka ya kuuza mali ya jiji wala kuliendesha, ila iliwakusanya wadai wote mbele ya jaji mmoja.

Hata hivyo, nisingependa tuinakili sheria hiyo kwa pupa. Katiba ya Michigan, jimbo ilipo Detroit, ililinda pensheni, lakini Jaji Steven Rhodes aliamua kwamba sheria ya ufilisi ya shirikisho ina nguvu zaidi, na wastaafu wa kawaida wa jiji wakapunguziwa asilimia 4.5 pamoja na kupoteza nyongeza ya kila mwaka. Hapa kwetu kaunti nyingi zinadaiwa michango ya pensheni ya wafanyakazi, mingine ikiwa imerithiwa kutoka mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa. Sheria yoyote ya kupanga foleni ya wadai italazimika kusema waziwazi kama mstaafu huyo anatangulia mbele ya mkandarasi wa barabara, na mimi ningemtanguliza mstaafu.