Stuli 22 za Mninga

Stuli zilipangwa ukutani kwa mistari miwili, 22 kwa hesabu, zimepakwa vanishi zikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Ilikuwa Novemba 2010, Tabora. Mvua za kwanza zilinyesha usiku, kumbikumbi wakaingia karakana, na asubuhi mabawa yao yalikuwa yameganda juu ya vanishi ambayo haikuwahi kukauka vizuri. Nilikuwa nayabandua kwa kucha, bawa moja moja, huku nikijiambia kwamba sasa kazi yangu ya mwaka mzima inaonekana.

Nilikuwa mwalimu wa useremala katika chuo kimoja cha ufundi pale mjini, mwaka wangu wa tatu kazini. Chuo chenyewe nakiacha bila jina. Wanafunzi wetu walitoka Urambo, Sikonge, Kaliua na vijiji vya Uyui. Wazazi wengi walikuwa wakulima wa tumbaku, na ada ililipwa pale tumbaku ilipolipwa, yaani hakuna aliyejua ni lini. Ukishaijua hali hiyo, kalamu inakuwa nzito kumwandikia mtoto wa mtu kwamba hajaweza. Sijitetei. Nataka tu ieleweke kalamu ile ilikuwa imeshikwa na mtu gani.

Jaribio lilikuwa hivi: kila mwanafunzi atengeneze stuli moja kwa siku mbili, kwa zana za mkono, kufuata mchoro. Miguu minne, na vipande vinane vya kuishikanisha, vinne juu na vinne chini. Kila kipande kina ndimi mbili, moja kila upande, na kila ulimi unaingia kwenye tundu la mguu. Hivyo stuli moja ina viungo 16. Stuli 22 zina viungo 352. Mimi niliyetakiwa kuvikagua vyote ndiye huyo huyo niliyekuwa natafuta gundi iliyokwisha na kuamua ugomvi wa jiliwa, vile vibanio vya kushikia ubao mezani, maana jiliwa tulikuwa nazo 7 tu. Mbao zilikuwa mninga, mabaki ya kazi ya viti tuliyoifanyia ofisi fulani. Wanaoujua mninga wanajua kwamba hausinyai sana ukikauka na haupindi ovyo. Kiungo cha mninga kikilegea, usiusingizie ubao.

Mkuu wa chuo aliniita jioni. "Kesho anakuja mhakiki wa nje. Fomu zote ziwe zimejazwa."

Nikamwambia zimeshajazwa. Na kweli zilikuwa zimejazwa. Nilizijaza nyumbani usiku mmoja, taa ya chemli mezani, redio pembeni. Waliofaulu 21, aliyeanguka mmoja, alama 48. Tena huyo mmoja nilimwona kama baraka, kwa sababu darasa ambalo wote wamefaulu linatia shaka.

Mhakiki alifika saa mbili na nusu asubuhi kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo ili isinaswe na mnyororo. Mzee mwembamba, mwalimu mstaafu wa useremala, alikuwa ameanza kufundisha kabla hata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, haijaundwa kwa ile sheria ya 1994. Yeye mwenyewe alipanda kwa majaribio ya zamani, daraja la tatu mpaka la kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mnyamwezi mwenye stuli?"

"Ndiye mimi."

"Basi leo umepatikana. Mimi Mzaramo wa Kisarawe."

Nilicheka, na moyoni nikapata nafuu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku mpaka Pwani. Nikamjibu kwamba sikujua Mzaramo anaweza kuacha ngoma akaja kazini mapema hivyo. Akasema ngoma ameiacha inapigwa, atairudia jioni. Nikadhani siku itakuwa nyepesi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtani ndiye mtu aliyepewa ruhusa ya kukwambia lile ambalo ndugu yako analimeza.

Stuli hakuzitazama. Alizipita kama hazipo, akaketi kwenye benchi, akaomba karatasi: swali la jaribio, mwongozo wa usahihishaji, fomu zote 22. Alisoma muda mrefu mpaka chai yake ikapoa na nzi akaizoea. Kisha akaweka kidole.

"Hapa umeandika 'viungo viwe imara na nadhifu', alama 40. Imara kwa nani?"

"Kwa mtahini, mzee."

"Nadhifu kwa macho ya nani?"

Nikanyamaza. Akafungua fomu, moja baada ya nyingine, akizilaza kifudifudi kama mtu anayegawa karata. Kulikuwa na kipengele cha usalama na matumizi ya zana, alama 15, ambacho mtahini hukijaza akiwa amesimama, anamtazama mwanafunzi akifanya kazi.

"13. 13. 13. Huyu naye 13." Alifika ya mwisho. "Vidole vya mkono mmoja havilingani, mtani, lakini wanafunzi wako 22 wamelingana. Hii uliijaza ukiwa karakana au ukiwa kitandani?"

"Mezani," nikasema. Lilikuwa jibu la kijinga, lakini lilikuwa la kweli.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua. Alisema stuli inaweza kumsubiri hata mwakani akaja kuikagua. Mkono uliowekwa mbele ya patasi haumsubiri, ukishapita umepita. Kama sikuuona siku ile, nimemkagulia nini? Akaniambia pia kwamba zamani wao walipimwa na mgeni, siku moja, ukifeli umefeli. Haya mafunzo ya umahiri yamempa mwalimu kazi ya kumpima mwanafunzi aliyemfundisha mwenyewe, na ndiyo maana anatumwa mtu kama yeye. "Siji kumkagua mtoto. Mtoto ulishamkagua. Nakuja kukagua ukaguzi wako."

Halafu akachagua stuli sita. Nilitegemea afumbe macho na kuokota zozote. Hakufanya hivyo. Alitaka ile ya alama za juu kabisa, 81. Ile ya chini kabisa, 48. Mbili zilizokuwa karibu na mstari wa kufaulu, ambao kwetu ulikuwa 50, kwa sababu hapo ndipo kosa dogo la mtahini linapogeuza maisha ya mtu. Na mbili alizozinyooshea kidole tu. Akabandua vikaratasi vya majina, akavitia mfukoni, akaandika herufi kwa chaki chini ya kila stuli, A hadi F. Akaniita mimi na mwenzangu aliyefundisha useremala mwaka wa kwanza. Mmoja akakaa upande wa mlangoni, mwingine upande wa ghala. Tukaambiwa tusahihishe upya, kwa mwongozo ule ule, bila kusemezana.

Sijui kama umewahi kusahihisha kazi bila kumjua mwenyewe. Mikono inakuwa ya baridi. Nilijikuta napiga magoti, nachungulia viungo vya chini ambavyo wiki iliyopita nilivipita nikiwa wima. Stuli A nilishuku mara moja: kwenye mabega ya ndimi, pale kipande kinapokutana na mguu, kulikuwa na mstari mwembamba wenye rangi hafifu kuliko ubao. Stuli E ilikuwa na sura mbaya, randa imeiachia michirizi, vanishi imepakwa kwa haraka upande mmoja tu. Lakini ukiitikisa haisemi neno.

Mzee akakusanya karatasi. Stuli C mimi niliipa 74, mwenzangu 51.

"Mafundi wawili, stuli moja," akasema. "Hizi alama 23 zimeangukia wapi? Zitafuteni sakafuni."

Mwenzangu alianza kueleza, mzee akamwinulia mkono, akatoa fomu zangu za wiki iliyopita na vile vikaratasi vya majina. Kutofautiana na mwenzangu, hilo ningeweza kulielewa, kila fundi ana jicho lake. Ila stuli A, ile niliyoipa 81, safari hii nimeipa 63. Na stuli E, niliyoiangusha kwa 48, nimeipa 67.

A ilikuwa ya kijana aliyekuwa ananisubiri kila asubuhi kufungua karakana. Alikuwa anafagia bila kutumwa, ananipokea mkoba, msimu wa maembe ananiletea ya kwao. E ilikuwa ya kijana wa Itetemia aliyekuja kwa miguu na kuchelewa karibu kila siku, akiulizwa anatazama chini. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anamsaidia mama yake kuuza maembe stesheni, na treni ya reli ya kati ilikuwa inaingia saa inayotaka yenyewe. Lakini wakati naijaza fomu yake kwenye ile taa ya chemli sikulijua hilo, na hata kama ningelijua, kuchelewa si kiungo. Alama za umaliziaji alistahili kupoteza, kwa sababu muda ulimwishia kweli. Mimi nilimkata na za viungo. Wala sikukusudia, naweza kuapa. Jina lilitangulia, kalamu ikafuata.

Mzee hakusema lolote kuhusu hayo. Alitoa kwenye mkoba vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa. "Tuanze upya mwongozo. Futa imara, futa nadhifu. Andika: vocha isipite kati ya bega la ulimi na mguu. Ikipita, kiungo hicho hakina alama. Hata mlinzi wa getini akipewa vocha hii atapata jibu lenu." Tukapita tena, stuli sita, viungo 96. Safari hii mimi na mwenzangu tuliachana kwa viungo vitatu tu.

Stuli A ikaleta utata. Vocha haikupita. Ule mstari hafifu uliizuia. Mzee akaukwangua kwa ukucha, akanusa kidole, akaagiza mwenye stuli aitwe. Kijana alipofika, aliombwa ruhusa. Mzee alisisitiza kwamba kazi ni ya mwanafunzi, haikatwi nyuma ya mgongo wake. Kijana akaitikia kwa kichwa. Msumeno nikapewa mimi.

Nilikata mguu kwa urefu, katikati ya tundu. Mninga ukikatwa hutoa vumbi linalowasha pua, tukapiga chafya wote. Tundu lilikuwa na kina cha milimita 30 kama mchoro ulivyotaka. Ulimi ulikuwa na urefu wa milimita 12. Nafasi iliyobaki ilijazwa gundi iliyokorogwa na unga wa mbao, na juu yake vanishi.

Mzee akaweka rula ya chuma pale, akaiacha. "Mtani, babu zako walikuwa wanafika Bagamoyo na mzigo kamili. Huu umepungua milimita 18 humu humu karakana."

Sikuweza kumrudishia. Wakati huo kundi zima la wanafunzi lilikuwa limejaa mlangoni, na kijana wa Itetemia akapenya akasema, "Kateni na yangu." Tukakata. Milimita 29.

Mchana mkuu wa chuo alikuwa ameandaa kuku wa kienyeji na dumu la asali. Mzee alishukuru, akasema kuku ataliwa na wenyeji, akaenda kula ugali kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Asali akainunua sokoni kwa pesa yake jioni, nilimwona. Ripoti yake ilikuwa ukurasa mmoja: matokeo yasitumwe, stuli zote 22 zikaguliwe upya na watahini wawili kwa mwongozo mpya, kipengele cha zana kirudiwe chote, wanafunzi wanne kwa zamu, fomu ijazwe papo hapo. Mkuu aliniambia nimekivua chuo nguo. Hatukuwa na maelewano mazuri tena mpaka nilipoondoka.

Tulipokagua upya, waliofaulu kutoka 21 wakabaki 13. Tisa wakarudia viungo kwa wiki mbili, jua la mchana na mvua ya jioni. Aliyekuwa na stuli A hakunisalimia kwa siku nne. Siku ya tano alikuja na kiungo kimoja kibichi bila gundi wala vanishi, na vocha yake mwenyewe, akavitua mezani akaondoka.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni yule wa Itetemia. Ilipofika zamu yake ya kipengele cha zana nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, fomu nimeibandika kwenye kipande cha plaiwudi. Alichonga tundu safi, haraka, na muda wote mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele ya makali ya patasi. Nilimwandikia 6 kati ya 15, nikamwonyesha, maana sasa ndivyo tulivyokubaliana. Akaisoma fomu, akanitazama.

"Mwalimu, mbona mara ya kwanza nilipata 13?"

Nikamwambia arudishe mkono nyuma ya patasi, kisha nikamsogelea yule wa jiliwa inayofuata.