Safu niliyoifuta kwenye daftari langu

Juma lililopita nilivuka mpaka wa Horohoro kwenda Lunga Lunga kumjulia hali shangazi, nikiwa na daftari ambamo nalinganisha hatua za Kenya, Uganda na Tanzania kuelekea Lengo la 4 la Maendeleo Endelevu, lile la elimu bora, ambalo mataifa yaliahidi mwaka 2015 kulitimiza ifikapo 2030.

Kwa upande wa ada za shule, ulinganisho ulikuwa mwepesi. Uganda ilianza kutoa elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, Kenya mwaka 2003, nasi Tanzania tuliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022. (Nakiri kwamba hapo nilijivuna kidogo.)

Kilichonivuruga ni mjukuu wa shangazi, aliye gredi ya 4, ambaye nilimpa hadithi fupi akaisoma kwa sauti bila kukwama hata mara moja, lakini nilipomuuliza mbuzi wa hadithini alipotelea wapi, akatazama chini. Binti yangu wa darasa la nne, huku Tanga, nilimpa hadithi ileile niliporudi. Naye akanyamaza vivyo hivyo.

Kumbe kipimo cha kwanza cha lengo hilo hakihesabu waliojiandikisha, bali huuliza ni watoto wangapi wanaofikia kiwango cha chini cha kusoma na hisabati. Nimeifuta safu ya uandikishaji niliyoiweka mbele, na jioni binti yangu ananisimulia anachokisoma.