Tamko la misingi: sentensi isiyokataa kitu ifutwe

Jumuiya ya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuona na kubadilisha msimbo wake, ikishakua hadi wanachama wapya hawajui waasisi walikubaliana nini, haipiti muda kabla mtu hajasema: tuandike misingi yetu. Mara nyingi wazo hilo huzuka baada ya ugomvi. Mmoja ametaka kuingiza maktaba ya msimbo yenye leseni iliyofungwa kwa sababu inafanya kazi upesi, mwingine amegoma, na kila mmoja anaapa kwamba jumuiya iko upande wake. Kamati inaundwa, na wiki chache baadaye inatoka karatasi isemayo, "Tunathamini ushirikiano, ubora, uwazi na heshima." Watu wanapiga makofi. Ugomvi wa maktaba uko pale pale.

Shida ya tamko la namna hiyo ni kwamba hakuna awezaye kulipinga. Kipimo ninachokiamini ni kuigeuza kila sentensi kichwa chini, kisha kuuliza kama ipo jumuiya yenye akili timamu inayoweza kusimamia kinyume chake. "Hatuthamini ubora": nani atasema hivyo? Basi ifutwe. Fedora, mfumo endeshi huria wa kompyuta, ina misingi minne, yaani uhuru, marafiki, vipengele na kutangulia. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni maneno ya kuchapa kwenye fulana. Lakini huo wa mwisho unapita kipimo barabara: kutangulia maana yake ni kupokea teknolojia mpya mapema na kutoa toleo kila miezi sita hivi, hata kama kuna mahali patakwaruza. Debian, mfumo mwingine wa aina hiyo, kwa tawi lake imara, imechagua njia iliyo karibu kuwa kinyume: toleo takriban kila miaka miwili, na vifurushi vya programu hugandishwa kwanza, yaani havipokei mambo mapya, ili hitilafu zisafishwe. Wote wawili wana akili zao, na ndiyo maana neno "kutangulia" lina kazi ya kufanya.

Atakayetaka kujifunza uandishi wa nyaraka hizi aanze na Mkataba wa Jamii wa Debian, na asisome maandishi yake tu bali pia yale yaliyoupata baadaye. Wazo lilitoka kwa Ean Schuessler, Bruce Perens akaandika rasimu, wanachama wakaichambua kwa barua pepe mwezi wa Juni 1997, na Julai mwaka huo ikapitishwa. Ina vifungu vitano tu: mfumo utabaki huru kwa asilimia 100, tutarudisha mchango kwa jumuiya pana ya programu huria, hatutaficha matatizo, vipaumbele vyetu ni watumiaji na programu huria, na namna ya kushughulika na kazi zisizokidhi vigezo vya uhuru.

Kifungu cha tatu ndicho cha kuiga. Hakiishii kusema "tuko wazi". Papo hapo kinataja kitendo: hifadhidata yote ya ripoti za hitilafu itakuwa wazi kwa umma wakati wote, na ripoti zinazotumwa zitaonekana kwa wengine bila kukawia. Nusu ya kwanza ni msimamo, nusu ya pili ni jambo ambalo mgeni yeyote anaweza kulikagua kwa dakika mbili. Ukiandika chako, ongeza na kisichohusika, kwa sababu udhaifu wa kiusalama huratibiwa faraghani kabla ya kutangazwa na kila mtu wa fani anajua hivyo. "Isipokuwa udhaifu wa kiusalama, usiofichwa zaidi ya siku 90" ni maneno machache, lakini yanazuia siku ile mtu atakaposhika tamko mkononi na kudai muanike kila kitu asubuhi hiyo hiyo.

Kifungu cha nne kina mtego. Kinataja vipaumbele viwili bila kusema kipi kinatangulia vikigongana. Matokeo yake, katika mabishano makubwa, pande zote mbili hukinukuu. Chukua suala la femwea, zile programu ndogo ambazo kadi ya waifai au ya picha hupakiwa ndipo iamke, na ambazo mara nyingi watengenezaji hawatoi msimbo wake. Anayetaka iwemo kwenye diski ya kusakinishia anasema: watumiaji. Anayekataa anasema: programu huria. Wote wamesoma sentensi moja. Sisemi kwamba lilikuwa kosa la uandishi. Pengine waliona mizani hiyo haiwezi kuamuliwa milele kwa mstari mmoja. Ila jumuiya ndogo isiyo na mfumo wa kura uliokomaa isijaribu. Andikeni: vikigongana, hiki kwanza.

Kisha kuna mwaka 2004. Wanachama walipiga kura kuhusu pendekezo lililoitwa marekebisho ya kiuhariri. Maandishi mapya yalipanua kipimo cha uhuru kutoka programu hadi kila kazi iliyomo kwenye mfumo, na ghafla nyaraka za matumizi na femwea nazo zikawa chini ya kipimo kile kile. Msimamizi wa matoleo aliyasoma maneno kama yalivyoandikwa, akasema toleo lililokuwa likiandaliwa, liitwalo Sarge, haliwezi kutoka hadi vitu hivyo viondolewe. Ikabidi kura nyingine ipigwe ya kuahirisha utekelezaji hadi Sarge itoke, na ikatoka Juni 2005. Suala la femwea likarudi tena kwenye kura mwaka 2006, likarudi 2008, na halikutulia hadi Oktoba 2022, mkataba wenyewe ulipoongezwa sentensi moja inayoruhusu diski rasmi kuwa na femwea isiyo sehemu ya mfumo pale kifaa kinapoihitaji. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo iliyoitumia ruhusa hiyo.

Ninachokichukua hapo ni utaratibu. Hakuna badiliko la tamko la misingi liitwalo la kiuhariri, isipokuwa nukta na tahajia. Kila nomino inayobadilishwa iambatane na orodha ya vitu vilivyomo kwenye mradi leo ambavyo vitaguswa, faili kwa faili, kabla ya kura. Kazi hiyo inachosha, lakini mtu mmoja anaweza kuimaliza kwa siku chache, na ni nafuu kuliko toleo lililokwama.

Sasa uandishi wenyewe. Msianze na maneno makubwa. Anzeni na migogoro. Chimbueni kumbukumbu zenu mpate maamuzi nane hadi kumi yaliyowatoa jasho: ufadhili kutoka kampuni fulani, msimbo ulionakiliwa bila leseni, tafsiri iliyokataliwa, mchangiaji mkuu aliyetaka kuwa na sauti ya mwisho. Kila mmoja uandikwe kwa mistari miwili: kiliamuliwa nini, na kwa nini. Halafu jiulizeni, sentensi gani ingelikuwepo ingelimaliza jambo hilo mapema? Sentensi inayojibu migogoro miwili au zaidi inabaki. Inayojibu mmoja tu ni kanuni ya kazi, iende kwenye mwongozo wa wachangiaji. Isiyojibu wowote ni pambo.

Waandishi wawe watatu. Zaidi ya hapo kila mtu anataka neno lake liwemo, na mwisho tamko linakuwa orodha ya sifa. Mmoja awe mwandishi wa msimbo, mmoja atoke kwenye tafsiri au nyaraka, mmoja awe mgeni wa chini ya mwaka, kwa kuwa yeye ndiye anayegundua neno "sisi" likitumika bila kueleza ni akina nani. Jambo hilo la "sisi" lisichukuliwe kimzaha. Mkataba wa Debian unaufunga mradi na kile unachokitoa. Haumuulizi mwanachama anatumia simu gani nyumbani kwake. Tamko lisiloweka mpaka huo huzaa wachunguzi wa maisha ya watu.

Rasimu ikae kwenye faili ya maandishi matupu, ndani ya hazina ya git (chombo kinachotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili), sentensi moja kwa kila mstari. Sababu ni ya kiufundi: git hulinganisha mstari kwa mstari, kwa hiyo aya nzima ikiwa mstari mmoja, ukihamisha koma itaonyesha aya nzima imebadilika na hakuna atakayeona kilichoguswa. Faili hiyo ina kilobaiti chache, hata mwenye bando la mwisho anaifungua. Urefu wa maneno 300 hadi 400 unatosha. Mabishano yasibaki WhatsApp, na hili nalisema kwa sababu jumuiya zetu nyingi za Afrika Mashariki zinaishi humo: aliyejiunga leo haoni yaliyosemwa jana, na ya mwezi uliopita yamezama chini ya salamu na picha za harusi. Semezaneni huko mkitaka, lakini pingamizi halihesabiwi hadi liandikwe kwenye hazina. Na pingamizi lije na kitu kimoja kati ya viwili: sentensi mbadala, au mgogoro halisi ambao sentensi iliyopo ingeuamua vibaya. "Sijapendezwa nayo" si pingamizi.

Mkiandika kwa Kiswahili na Kiingereza, tajeni ndani ya faili ni maandishi ya lugha gani yanayotawala pakitokea tofauti. Kama wanachama wanajadiliana kwa Kiswahili, yatawale ya Kiswahili.

Kanuni za mwenendo zisiingizwe humu. Zinahitaji anwani ya kupokea malalamiko, hatua, muda wa kujibu na adhabu, na hurekebishwa kila zinapopwaya. Debian ilipitisha tamko lake la kukaribisha watu wa aina zote mwaka 2012 na kanuni za mwenendo 2014, kila moja kwa kura yake, mkataba ukaachwa ulivyo. Muundo wa uongozi nao uwe waraka mwingine.

Mjadala uwe na tarehe ya kufungwa. Wiki mbili zinatosha kwa kundi dogo, ilimradi rasimu ya mwisho isiguswe siku tatu za mwisho. Kwenye kura wekeni daima chaguo la "hakuna kati ya haya", ili asiyeridhika asilazimike kuchagua baya lenye nafuu. Kwa mabadiliko ya baadaye, Debian inadai kura tatu za kukubali kwa kila moja ya kukataa. Akidi yake ni nusu ya kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama, mara tatu: wanachama 36 mnahitaji 9, wanachama 1,000 wanahitaji takriban 47. Hesabu hiyo inafaa jumuiya za kujitolea kuliko kudai nusu ya wanachama wote, kwa kuwa waliojiandikisha wakapotea ni wengi na nusu haitapatikana kamwe.

Likishapita, lipeni namba ya toleo na tarehe, mliweke kwenye mzizi wa kila hazina kwa jina lile lile la faili, na mlipe leseni huria ya maandishi, CC0 au CC BY-SA 4.0, ili kundi jingine liweze kulichukua. Vifungu vipewe namba. Kila uamuzi mgumu unaofuata utaje namba ya kifungu ulichokitegemea. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilitoa kanuni 10 mwaka 2007, ikaja kuongeza nyingine 2018, na kuongeza ni rahisi siku zote. Ninyi baada ya mwaka pitieni maamuzi yenu, mhesabu kila kifungu kimetajwa mara ngapi. Kisichotajwa hata mara moja kipelekwe kwenye kura ya kufutwa, na anayekitetea alete mgogoro ambao kingeuamua.